Dawa ya Kifafa Iitwayo Valproeti na Namna ya Kuitumia kwa Salama

Katika dawa zinazotolewa hospitalini kwa ugonjwa wa kifafa, iko moja ambayo watu wengi wa Kenya huijua kwa jina la kibiashara la Epilim. Jina lake halisi, ambalo ndilo tutakalolitumia katika somo la juma hili, ni valproeti. Juu ya sanduku au chupa msomaji ataona pengine maneno sodium valproate, pengine valproic acid; asidhani kwamba ni dawa mbalimbali, maana zote ni za jamii moja na kazi yake ni ile ile.

Ni dawa njema. Imewarudisha watoto wengi shuleni na watu wazima wengi kazini. Lakini ni dawa yenye mashariti, na katika mashariti hayo mawili ni makubwa kuliko mengine yote. La kwanza ni kwamba haifai kuachwa ghafula. La pili ni kwamba haifai kutumiwa na mwanamke awezaye kupata mimba, ila kwa sababu kubwa sana na chini ya macho ya daktari. Mashariti haya mawili huweza kukutana kwa mtu mmoja na kuonekana kama yanapingana, na hapo ndipo watu hupotea njia. Basi tunamwomba msomaji asome habari hii mpaka mwisho, wala asichukue nusu yake akaiacha nusu.

Kifafa ni nini, na dawa hufanya nini

Ubongo wa mtu hufanya kazi kwa nguvu ndogo za umeme zipitazo kutoka chembe moja hata nyingine, kama habari zinavyopita katika waya ya simu. Kwa mtu mwenye kifafa nguvu hizo mara kwa mara hulipuka nyingi pamoja bila mpango, na mwili huonyesha mlipuko huo. Wengine huanguka, wakakakamaa na kutikisika na kutoka povu. Wengine hawaanguki, bali hukodoa macho nukta chache kama watu waliopotewa na fahamu, kisha huendelea na mazungumzo pasipo kujua kwamba walinyamaza. Watoto wa namna hii mara nyingi hupigwa na walimu kwa kosa la kutosikiliza, nao hawana kosa lo lote.

Chanzo chaweza kuwa kuumia kichwani, taabu wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika katika ubongo, au jambo ambalo mtu amezaliwa nalo. Na mara nyingi chanzo hakionekani kabisa. Lakini kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa pumzi wala kwa kula chombo kimoja. Twalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu wako watu walioanguka juu ya mafiga wakaungua vibaya, huku majirani wamesimama kando wakiogopa kugusa povu. Neno lenyewe, kifafa, lasikika masikioni kama kufa, na huenda hiyo nayo imeongeza hofu. Ugonjwa wenyewe hutibika. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hata 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama ugonjwa wao ungetambuliwa na kutibiwa sawasawa.

Valproeti haiondoi chanzo cha kifafa. Yafanana na breki ya baiskeli mteremkoni: hushika maadamu umeikamata, na ukiiachia, baiskeli hushuka mbio. Kwa hiyo mtu asiyeanguka mwaka mzima kwa sababu anameza dawa, hajapata idhini ya kuiacha. Dawa ndiyo iliyomshikilia.

Namna ilivyogunduliwa ni habari ya ajabu kidogo. Mkemia mmoja wa Marekani, Beverly Burton, aliitengeneza mwaka 1882 bila kufikiri kwamba ni dawa, na kwa miaka kama 80 watu wa maabara waliitumia kuyeyushia vitu vingine tu. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mji wa Grenoble huko Ufaransa, Pierre Eymard na wenzake walikuwa wakijaribu dawa mbalimbali za kuzuia kifafa, nao waliziyeyusha ndani ya maji hayo. Wakastaajabu kuona kwamba hata dawa zisizofanana zote zilifaulu. Wakatambua mwishowe kwamba aliyefanya kazi hakuwa mgeni bali mwenyeji: maji ya kuyeyushia ndiyo yaliyokuwa dawa. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1967. Msomaji aushike mwaka huo, tutaurudia.

Baadaye madaktari waliona kwamba inawatuliza pia watu wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mtu wa namna hii kwa majuma kadhaa halali, husema bila kupumzika, hutumia fedha ovyo, hujiona kuwa ana uwezo usio na mpaka. Kisha huanguka katika huzuni kuu hata asitake kuoga wala kula. Katika Marekani dawa hii iliruhusiwa rasmi kwa ugonjwa huo mwaka 1995, na hutumika hivyo katika nchi nyingi. Lakini kutumia dawa moja hakufanyi maradhi mawili kuwa moja. Mwenye kifafa si mwenye wazimu, na mwenye taabu ya hisia hana kifafa kwa sababu tu ameonekana akimeza Epilim.

Kuimeza kila siku

Kiasi cha dawa hupimwa kwa uzito wa mwili, umri, namna ya ugonjwa na dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Daktari huanza na kiasi kidogo, akaongeza pole pole. Kwa hiyo kiasi cha jirani yako si chako, hata kama mwaanguka namna moja. Vidonge vilivyo vya kawaida madukani ni vya miligramu 200 na vya miligramu 500, na hapa pana mtego. Tuseme Bwana Fulani ameambiwa ameze vidonge viwili vya 200 asubuhi na viwili jioni. Hiyo ni miligramu 800 kwa siku. Mwezi unaofuata duka lina vile vya 500 tu, naye akaendelea kumeza viwili viwili kama kawaida. Sasa anameza 2000. Atasinzia, mikono itatetemeka, atatapika, na watu watasema amelogwa. Kila upokeapo dawa soma tarakimu iliyoandikwa, na ikiwa imebadilika, usiondoke dirishani kabla ya kuuliza.

Vidonge vingi vya valproeti vimepakwa ganda maalum ili visiyeyuke upesi tumboni, na vingine hutengenezwa vitoe dawa pole pole kwa saa nyingi. Usivitafune wala kuvisaga kama dawa imeandikwa imezwe nzima. Vimeze pamoja na chakula, maana tumbo tupu hulalamika. Mtoto asiyeweza kumeza hupewa dawa ya maji. Basi ipimwe kwa kipimo kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha jikoni, kwa kuwa vijiko vya jikoni havina ukubwa mmoja katika nyumba mbili.

Tena vidonge hivi hupenda unyevu. Mtu akivitoa vyote katika karatasi yake ya bati na kuvitia ndani ya kikopo, hasa Mombasa, Lamu au kando ya Ziwa ambako hewa ni nzito, atavikuta vimelainika na kushikamana. Kitoe kidonge saa ya kukimeza tu.

Chagua saa zisizosahaulika, mathalani saa moja asubuhi na saa moja jioni. Ukisahau, meza ukumbukapo; lakini kama saa ya dozi ifuatayo imekaribia, iache ile iliyopita. Usimeze mbili pamoja kulipa deni. Waislamu wanaotaka kufunga Ramadhani wamwone daktari majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama, maana mara nyingi saa za dawa zaweza kupangwa zifuate futari na daku. Lakini lipangwe na daktari, lisipangwe na mgonjwa peke yake usiku wa kwanza.

Taabu ndogo ndogo zitokeazo ni kichefuchefu cha siku za kwanza, usingizi, mikono kutetemeka kidogo, mwili kunenepa, na nywele kupungua. Vitabu vya Ulaya huonya kwamba nywele zikiota tena huweza kuwa za kujikunja. Kwetu sisi hiyo si habari ya kumtia mtu hofu. Taabu hizi mwambie daktari, naye mara nyingi hupunguza kiasi au kubadili wakati.

Hatari ya kuiacha ghafula

Mtu mwenye kifafa akiacha dawa kwa siku moja mbili, huweza kurudiwa na ugonjwa kwa nguvu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Iliyo mbaya kupita zote ni hali ambayo mgonjwa hutikisika bila kukoma, au huanguka tena kabla fahamu hazijamrudia. Kutikisika kukipita dakika tano, hiyo si hali ya kungojea nyumbani. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa gari lo lote lililo karibu. Hali hiyo huua, na anayepona huweza kubaki na ubongo ulioumia. Mwenye ugonjwa wa hisia naye, akiacha ghafula, huweza kurudiwa na ule moto wa kwanza katika majuma machache.

Sababu za watu kuacha twazijua sote. Fedha zimekwisha. Dawa haikupatikana dispensari. Mtu amepona, kwa maoni yake mwenyewe. Au ameambiwa mahali fulani kwamba maombi au mizizi haifanyi kazi mpaka vidonge vitupwe kwanza. Hatutaki kugombana na mtu juu ya imani yake. Aombe, na aombewe. Lakini anayemwamuru mgonjwa wa kifafa atupe vidonge siku hiyo hiyo, hatakuwapo usiku wa tatu mgonjwa atakapokuwa akitikisika.

Ikiwa fedha ndiyo shida, mwambie daktari waziwazi. Ziko dawa nyingine za kifafa za bei nafuu, kama fenobabitoni na kabamazepini, na kuhamishwa kwa taratibu kutoka dawa moja hata nyingine ni bora mara mia kuliko kuacha. Aliyekaa miaka miwili bila kuanguka hata mara moja aweza kumwuliza daktari kama wakati wa kupunguza umefika. Nako kupunguza huko hufanywa kidogo kidogo, kwa miezi.

Wanawake, wasichana na mimba

Sasa turudi kwenye mwaka 1967. Tangu mwaka huo dawa ilienea, na ilipita miaka 15 kabla ya kujulikana sawasawa jambo lililokuwa likitokea matumboni. Mwaka 1982, katika mji wa Lyon huko Ufaransa, Daktari Elisabeth Robert alitambua kwamba miongoni mwa watoto waliozaliwa na uti wa mgongo ulio wazi, wamo wengi kuliko ilivyotazamiwa ambao mama zao walitumia valproeti wakati wa mimba. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulithibitisha habari hiyo na kuongeza nyingine.

Hesabu zinazokubaliwa leo ni hizi. Katika watoto 100 wa mama wasiotumia dawa hii, wawili au watatu huzaliwa na kilema. Katika watoto 100 wa mama walioitumia wakati wa mimba, wapatao 10 huzaliwa na kilema: uti wa mgongo kuwa wazi, kaakaa kupasuka, moyo, figo au viungo kutotengenezwa vema. Tena 30 hata 40 katika kila 100 huonekana wazima siku ya kuzaliwa, lakini baadaye huchelewa kutembea na kusema, hupata shida ya kusoma na kukumbuka, na wengine huwa na usonji. Hatari huongezeka kadiri kiasi cha dawa kinavyoongezeka, wala hakijapatikana kiasi kidogo ambacho daktari aweza kuapa kwamba ni salama.

Kinachofanya jambo hili kuwa gumu ni wakati. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika majuma manne tu ya kwanza ya mimba. Wanawake wengi wakati huo hawajajua bado kwamba wana mimba. Wanahesabu siku tu na kusema labda mwezi umechelewa. Basi kwa kilema hicho, shauri la kwenda kliniki baada ya tumbo kuonekana limekwisha kuchelewa. Shauri lapaswa kuja kabla.

Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2023 kwamba valproeti isiandikiwe wanawake na wasichana wawezao kupata mimba. Uingereza iliweka masharti makali mwaka 2018, ikayazidisha mwaka 2024: mtu aliye chini ya miaka 55, awe mume au mke, asianzishwe dawa hii ila madaktari bingwa wawili wakubaliane kwamba hakuna nyingine imfaayo. Sheria hizo hazikutoka katika hewa. Uchunguzi ulioongozwa na Baroness Cumberlege, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa miaka mingi wanawake walipewa dawa hii bila kuambiwa habari zake kwa ukamilifu. Huko ni nchi yenye madaktari tele. Hatuna sababu ya kudhani kwamba kwetu kila mama ameambiwa, na ndiyo maana habari hii imechukua nafasi kubwa katika ukurasa wetu.

Tutoe mfano. Binti mmoja amekuwa akimeza valproeti tangu darasa la tatu. Sasa ana miaka 24, hajaanguka miaka mitatu, na posa imekubaliwa. Afanye nini? Amwone daktari sasa, kabla ya harusi, amweleze kwamba anatarajia kuolewa na kuzaa. Daktari aweza kumhamisha pole pole kwenye dawa nyingine ambayo hatari yake kwa mtoto ni ndogo zaidi. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zinazopendelewa siku hizi. Kuhama huko huchukua majuma au miezi, kwa sababu dawa mpya huongezwa kidogo kidogo na ya zamani hupunguzwa vivyo hivyo, na muda huo wote yafaa atumie njia madhubuti ya kupanga uzazi. Atapewa pia vidonge vya asidi ya foliki tangu kabla ya mimba. Asidi hiyo ni nzuri, lakini asidanganywe kwamba inafuta madhara ya valproeti, haiyafuti.

Na mama ambaye amekwisha kuchukua mimba huku anameza dawa hii? Hapa ndipo tulipomwonya msomaji asichukue nusu ya habari. Asiitupe dawa jalalani kwa hofu. Mama mwenye kifafa akiacha ghafula aweza kuanguka vibaya, akaumia au akafa, yeye na mtoto pamoja. Aendelee kumeza kama alivyoagizwa, na aende hospitali siku hiyo hiyo au ya pili yake, aseme maneno mawili: nina mimba, na ninatumia valproeti. Asingoje tarehe yake ya kliniki ya mwezi ujao. Daktari ataamua kama dawa itabadilishwa, itapunguzwa au itaendelea, maana wako wagonjwa wachache ambao hakuna dawa nyingine inayowazuia kuanguka. Kwa mwenye ugonjwa wa hisia uamuzi ni mwepesi zaidi: ziko dawa nyingine kwa ugonjwa huo, wala valproeti haifai kutumiwa kwa ajili yake katika mimba, lakini naye abadilishiwe na daktari.

Kuna jambo moja lisilokuwa la kidaktari, lakini laharibu kazi ya madaktari. Wanawake wengi huolewa bila kumwambia mume kwamba wana kifafa. Huficha vidonge ndani ya mkoba, ndani ya debe la unga, kwa mama mzazi. Humeza kwa wizi, husahau, hukosa kliniki kwa kuwa hawana sababu ya kutoa nyumbani. Kisha mimba huingia, na hakuna mtu wa kushauriana naye. Hatuwalaumu, maana wanajua jinsi baadhi ya ndugu wa mume wanavyonena. Lakini hakika mume akijua mapema, ndiye atakayemgeuza mkewe ubavu usiku anapotikisika, na ndiye atakayelipa nauli ya kliniki. Nanyi akina mama wakwe, mkwe anayemeza dawa kila siku ni mtu anayejitunza; mwacheni ameze mchana kweupe.

Wazazi wenye binti mdogo anayetumia valproeti wasingoje posa. Binti anapovunja ungo, huo ndio wakati wa kurudi kwa daktari na kuuliza kama dawa ibadilishwe.

Wanaume nao wasikunje karatasi wakidhani ukurasa huu si wao. Mwaka 2024 wakuu wa dawa wa Ulaya walitoa tahadhari: watoto wa baba waliotumia valproeti katika miezi mitatu kabla ya mimba, wapatao watano katika 100 walikuwa na matatizo ya kukua kwa akili, na kwa baba waliotumia lamotrijini au levetirasetamu ni kama watatu. Jambo hilo halijathibitika kabisa, na hatari yenyewe ni ndogo sana kuliko ile ya mama. Hata hivyo mwanamume anayetaka kupata mtoto yafaa amwulize daktari kabla.

Kwa mama anayenyonyesha, dawa huingia kidogo tu katika maziwa. Asimwachishe mtoto ziwa kwa hofu kabla ya kuuliza.

Dalili zisizongoja

Mara chache valproeti hudhuru ini, hasa katika miezi sita ya kwanza, na hasa kwa watoto walio chini ya miaka mitatu wanaotumia dawa zaidi ya moja. Mtoto aliyekuwa akiendelea vema akaanza kutapika, akakataa chakula, akawa mlegevu wa kusinzia, macho yakawa ya manjano, au kifafa kikarudi bila sababu, apelekwe hospitali siku ile ile. Watu wengi wataona hapo malaria, nao watanunua dawa ya malaria. Sema tangu mlangoni kwamba mtoto anatumia valproeti. Maumivu makali ya tumbo la juu pamoja na kutapika yaweza kuwa kongosho limevimba. Hilo nalo ni la hospitali. Kadhalika fizi zinazotoka damu, au mabaka meusi ya damu chini ya ngozi bila kugongwa.

Dawa zote za jamii hii mara chache humletea mtu mawazo ya kujiua. Mgonjwa aliyeanza kusema maneno ya kuaga, asiachwe peke yake na asikaripiwe. Apelekwe kwa daktari, na vidonge viwekwe na mtu mwingine.

Dawa zigombanazo

Aspirini huongeza nguvu ya valproeti katika damu. Mtoto mwenye homa hapaswi kupewa kabisa, na mtu mzima aulize kwanza. Fenobabitoni ikichanganywa na valproeti huleta usingizi mzito. Lamotrijini hupata nguvu maradufu ikikutana nayo na huweza kuleta vipele vya hatari, ndiyo maana huanzishwa kwa kiasi kidogo sana. Iko jamii ya sindano za hospitalini, meropenemu ikiwa mojawapo, ambazo hushusha valproeti katika damu kwa siku moja mbili tu, na kifafa hurudi mgonjwa akiwa kitandani. Basi anayelazwa kwa ugonjwa mwingine awataarifu wauguzi. Pombe huharibu kazi yote hii, pamoja na kukesha.

Kwa wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi: valproeti haivipunguzii nguvu. Lakini kabamazepini, fenobabitoni na fenitoini huvipunguzia, pamoja na vipandikizi vya mkononi. Anayehamishwa kwenye mojawapo ya hizo aulize juu ya koili au sindano.

Mtu akianguka mbele yako

Tazama saa. Ondoa moto, mawe na vyombo karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, na mtikisiko ukipungua mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole kinywani. Usimshike kwa nguvu. Usimpe maji wala vidonge mpaka fahamu zimrudie kabisa. Wengi hutikisika dakika mbili au tatu kisha hulala, kaa naye.

Mgonjwa mwenyewe awe na daftari dogo. Aandike tarehe na saa ya kila kuanguka, siku alizosahau dawa, jina la dawa na tarakimu yake, na siku kiasi kilipobadilishwa. Daktari ataona mengi zaidi katika kurasa mbili za daftari hilo kuliko katika maneno ya haraka chumbani mwake, ambako mtu husahau nusu ya aliyokuja kusema. Maadamu kifafa hakijatulia, asiendeshe gari wala pikipiki, asipande miti, na asiingie katika ngalawa au mtumbwi peke yake.

Na anayesafiri kwenda kwao mwezi wa Desemba ahesabu kabla ya kuondoka. Vidonge viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku 14 ni vidonge 56. Aongeze vya siku tatu kwa ajili ya mvua na mabasi yasiyopatikana, viwe 68. Visifungwe ndani ya sanduku linalopandishwa juu ya basi, bali avichukue mwenyewe mfukoni au ndani ya kikapu chake cha mkononi.